Nusu Saa ya Jumatano

Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi,
kabla ya chai, kabla ya mkate, kabla hata ya kumsengenya jirani,
nakimeza kidonge kwa glasi nzima ya maji,
maji matupu, si maziwa, si kahawa,
kisha nasimama.

Nusu saa nisilale, nisiiname,
kidonge kisije kikageuka kaa la moto kooni.
Ndivyo alivyoniagiza mfamasia wa Mtaa wa Piotrkowska,
kijana mwenye kipuli kimoja na sauti ya padri:
"Bi Bogumiła, wima kama mshumaa."

Wima! Mimi!
Miaka thelathini na mmoja nilisimama kiwandani,
mitambo ya kufumia ikinguruma kushoto na kulia,
vumbi la pamba likininyeshea nyweleni,
nikimwomba Mungu aniketishe.
Ameniketisha, na daktari ananisimamisha.
Zamani nililipwa kwa kusimama;
leo nalipa mimi.

Sikuanguka. Sikuteleza kwenye barafu
kama watu wenye heshima zao.
Niliinua tu sufuria ya kabichi,
mgongo ukasema *ka*,
neno dogo, kama tambi kavu ikivunjwa.
Picha ikaonyesha pingili moja imebonyea
mfano wa kopo lililokanyagwa.
"Mifupa yako, bibi, ina matundu kama jibini."
Nikamwambia, jibini ya matundu huuzwa ghali.
Hakucheka.

Basi rafu yangu ya jikoni imekuwa duka.
Kalsiamu ni ya jioni, mbali na kidonge,
maana hawa wawili hawapikiki chungu kimoja.
Matone ya vitamini D kila siku,
kwa sababu hapa Łódź, Novemba mpaka Machi,
jua ni uvumi.
Naye Zenobia wa ghorofa ya pili huniletea
maganda ya mayai yaliyosagwa, yamelowekwa kwenye ndimu.
"Mama yangu alikunywa hii, akafa na miaka tisini na minne!"
Ulimi hauna mfupa; ndiyo maana wa Zenobia haujavunjika.
Namshukuru, namwagia ua langu la dirishani.
Limenyooka kunishinda.

Nusu saa ni ndefu.
Naenda kwenye mwimo wa mlango.
Alama za penseli zimo bado, sikuruhusu zipakwe rangi:
Tymon miaka sita, Tymon tisa,
Jagna kumi na mbili, akidanganya kwa vidole vya miguu.
Wao walipanda mwimo huu kama maharage.
Mimi nilianzia juu yao wote.
Kila mwaka naweka kitabu kichwani, nachora mstari,
nashuka.

Mwaka juzi nilimfikia Tymon wa miaka kumi na minne.
Nilimkuta pale pale, na chunusi zake na hasira,
tukatazamana macho kwa macho.
Ndio mwaka baba yake alioondoka na sanduku la kahawia,
nami nilikuwa zamu ya usiku, mchana nalala.
Sikujua dunia huonekana hivi kutoka kimo hiki:
kitasa cha dirisha kiko juu,
na mama, hata akiwapo, yuko juu zaidi.

Wiki iliyopita daktari kasema miaka mitano yatosha,
tuipumzishe dawa kwanza.
Mfupa umejiwekea akiba, utaitumia polepole.
Jioni nikachukua penseli.
Mstari wa mwaka huu umelala juu ya ule wa mwaka jana.
Nilipima mara mbili, sikuamini kitabu,
nikatafuta kingine.

Leo Jumatano, kisanduku kitupu.
Saa kumi na mbili macho yakafumbuka yenyewe.
Nimekunywa glasi nzima. Nimesimama.
Tramu ya kwanza imepita chini, haina abiria hata mmoja.
Nimempigia Tymon, Gdańsk.
"Mama? Kuna nini alfajiri hii?"
"Hakuna. Nimesimama tu.
Hebu niambie, ulipokuwa na miaka kumi na minne…"